Mtoto wa Njeri Ana Baba

Bondeni, Nakuru
Jumapili usiku

Karanja,

Watu wakiandikiana huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, maana uko hapo nyuma ya pazia unakoroma, sanduku lako limefungwa kamba tayari. Yangu utaijua ukisoma mpaka mwisho. Barua hii nitaiweka kwenye kikapu, chini ya viazi na mayai ya kuchemsha, uikute kesho ndani ya treni njaa ikikushika. Utakuwa na hasira tayari, na hutakuwa unajua umkasirikie nani. Nimetaka iwe hivyo, kwa sababu tukibishana uso kwa uso huwa unanishinda. Umesoma, na mimi ndiye niliyekusomesha.

Sitakuambia ufue shati wala usali kabla ya kulala. Kampala kuna sabuni na kuna makanisa, na wewe ni mtu mzima mwenye kazi ya ukarani wa reli. Nataka tuzungumze habari ya mtoto wa Njeri.

Usiikunje barua. Nakujua, umeshaikunja. Ikunjue uendelee.

Najua ni msichana. Najua ana miezi tisa. Najua Njeri, yule anayeshona vifungo kwa fundi Mhindi, alikufuata mara mbili kwenye lango la ofisi yenu, na mara zote mbili ukamwambia mlinzi kwamba humjui. Mara ya pili alikuwa na mtoto mgongoni, na mvua ilikuwa inanyesha. Ulifunga dirisha. Haya amenieleza mwenyewe bila kupayuka, na nimemwamini, kwa sababu kufunga dirisha ni tabia ya kwenu. Basi niache nikueleze ya kwenu, maana nilikuficha.

Nilikuwa na umri kama wa Njeri nilipokubeba. Tuliishi shambani kwa mzungu, juu kule Bahati, baba yangu akiwa skwota, analima kipande kwa ruhusa ya mzungu huyo, na mimi nikichuma maua ya pareto kwa kibarua. Shamba lilikuwa na dereva wa lori aitwaye Gitau. Alikuwa na kofia nzuri na maneno mengi, na mimi nilikuwa mjinga. Yaliyofuata hayahitaji maelezo, umeyafanya mwenyewe.

Tumbo lilipoonekana, baba yangu hakunipiga. Nilishangaa. Alivaa koti lake akateremka mjini kumshtaki Gitau kwenye baraza la wazee, lile wanaloliita siku hizi korti ya Waafrika. Gitau hakukana. Alisimama akasema mimba ni yake, ila msichana hamtaki. Wazee wakamtoza mbuzi wa mimba kama ilivyo desturi yetu, pamoja na kondoo wanono wa kuliwa na wazee wenyewe, naye akalipa wote. Kwetu akishalipa, amekwisha. Mtoto anakuwa wa babu yake mzaa mama, na mwanaume anakwenda zake. Hadaiwi nguo, hadaiwi maziwa, hadaiwi karo.

Siku wazee walipochinja nilikuwepo. Nilikuwa na njaa ya mimba, nikaletewa mbavu, nikazila mpaka nikalamba vidole. Nilidhani nimeshinda kesi. Hakuna aliyeniambia kwamba nilikuwa nakula nguo zako na maziwa yako na miaka yako ya shule. Baba yangu alijua, na wazee walijua, na wote walinisifu kwamba nina hamu nzuri ya chakula. Mbuzi waliobaki baba aliwauza mmoja mmoja akanywea pombe. Wewe ulivaa gunia la posho lililotobolewa matundu ya mikono, hadi meno yako ya utotoni yakang'oka.

Ukapewa jina lake. Unajua kwetu mvulana wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba. Wewe uliitwa Karanja, jina la baba yangu, kwa hivyo kila aliyetujua akikuita alijua papo hapo kwamba huna upande wa pili. Ndiyo maana watoto wa kambi ya vibarua walicheka siku ile mwalimu alipokuuliza jina la babu yako mzaa baba, nawe ukamtaja baba yangu. Ulikuja nyumbani ukaniuliza wanacheka nini. Nikakuambia wanakuonea wivu, nawe ukaamini, ukatembea kifua mbele mwaka mzima.

Nilikudanganya na kubwa kuliko hilo. Nilikuambia baba yako alikwenda vita vya Burma akafia huko. Ulikuwa ukimchora na bunduki kwenye kila kipande cha karatasi, na nilipokuwa nikikuona unachora nilikuwa natoka nje kuteka maji, hata kama mtungi umejaa. Karanja, baba yako hajawahi kuiona Burma. Ni Gitau huyo huyo, aliyeacha lori akafungua duka pale Bahati, yule mnene anayeuza sukari na mafuta ya taa, anayekohoa kabla ya kutaja bei. Umenunua chumvi kwake tangu kichwa chako kikiwa chini ya kaunta.

Nilikuwa nakutuma wewe makusudi. Hata chumvi ikiwepo ndani nilikutuma, ili aione sura yake ikiingia mlangoni na miguu mitupu. Aliiona vizuri sana. Hakukuongezea hata peremende. Siku moja ulipungukiwa senti tano, akakurudisha, ukapanda kile kilima mara mbili kwenye jua ukarudi pua ikitoka damu. Nilikupangusa damu, na wiki iliyofuata nikakutuma tena. Huo ulikuwa ukatili, na haukuwa wa Gitau peke yake. Nilikuwa nikikutumia wewe kumpiga yeye, na yeye hakuwa anaumia.

Ulipoitwa kwenda shule ya bweni ya misheni, karo ikanishinda. Baba yangu alikuwa amekwisha kufa, na wewe, mtoto wake kwa desturi, hakukuachia hata blanketi. Hapo ndipo nikawaza kwamba ile kesi lazima imeandikwa mahali, na kama imeandikwa, basi mtu anaweza kuisoma, na akiisoma atamlazimisha Gitau alipe shule. Nilikuwa sijui kusoma, kwa hiyo niliyaamini sana maandishi.

Nikateremka mjini, nikasimama foleni kwenye dirisha la karani tangu asubuhi.

"Nataka kesi ya Wambui," nikamwambia.

"Wambui gani?"

"Wambui ni mimi. Mimi na mtoto wangu."

"Namba ya kesi iko?"

"Sina."

"Mwaka gani?"

"Mwaka ule mvua ya mawe iliharibu pareto."

Akawageukia wenzake wakacheka. "Mama, hapa hatuandiki mawe. Enda nyumbani. Hii maneno yako haiko."

Nilirudi mara nyingine, akaniambia hivyo hivyo. Mara ya tatu nilimkuta kijana mwingine ambaye hakuwa mwema wala mbaya, alikuwa tu anataka niondoke dirishani haraka. Akauliza, "Nani alishtaki?"

"Baba yangu."

"Sasa wewe unatafuta kesi ya baba yako. Si yako. Yeye jina lake nani?"

Aliipata kabla sijamaliza kukaa kwenye benchi. Miezi yote ile nilikuwa naulizia jina ambalo halikuwepo, kwa sababu vitabu vya korti vinafuata jina la aliyeshtaki na aliyeshtakiwa, pamoja na mwaka na namba. Havifuati jina la aliyeumizwa. Nililipa ada, akanisomea. Lilikuwa jina la baba yangu, na jina la Gitau. Mimi nimeandikwa "binti wa mdai." Wewe umeandikwa "mimba." Halafu mwisho wake: imelipwa, imekwisha.

"Na karo?" nikamuuliza.

"Karo gani, mama? Hii ilikwisha kabla mtoto hajazaliwa."

Nikamwambia lakini mtoto amezaliwa. Akasema anayefuata aje mbele.

Karo yako nililipa kwa kufua mashuka ya nyumba ya wageni ya wazungu, na hiyo unaijua, uliona vidole vyangu. Usichojua ni kwamba mwaka ule ule niliingia darasa la ngumbaru kanisani. Ulifikiri nataka kusoma Biblia. Nilitaka siku nyingine nikisimama kwenye dirisha lile nisisomewe. Halafu ikaja Hali ya Hatari, Wakikuyu tukapakiwa kwenye malori kupelekwa kambini, na mtu hakuweza hata kwenda sokoni bila pasi. Nilipopata kurudi Nakuru wewe ulikuwa umeshaota ndevu na sikuwa tena na la kumdai Gitau. Nikadhani maneno ya korti yamekwisha maishani mwangu.

Sasa turudi kwako. Unaikumbuka Jumamosi ile mlipokaa nje ya mlango na rafiki yako Mugo, yule anayenakili karatasi kwa wakili, mkila mahindi ya kuchoma? Nilikuwa ndani napiga pasi. Ukuta huu ni wa mabati, mwanangu, na ulilala ndani yake miaka mingi ukisikia jirani akijikuna. Sijui ni nini kilichokufanya udhani mimi ni kiziwi.

"Kuna sheria mpya," Mugo alisema. "Siku hizi msichana anaenda kwa hakimu mwenyewe, hangojei babake. Ukishikwa unalipa kila mwezi mpaka mtoto akue."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi. Lakini lazima aende kabla mtoto hajafika mwaka mmoja. Ukipita, amekwisha. Na neno lake peke yake haitoshi, lazima kuwe na ushahidi mwingine."

"Mtoto ni wangu, hiyo sibishi," ukasema wewe. "Lakini nani atamsemea? Na huo mwaka ukiisha mimi niko Kampala."

Mkacheka. Ulicheka ukiwa na mahindi mdomoni. Nilisimama na pasi mkononi mpaka shati lako likaungua kwenye kola. Ndilo lile nililokuambia limeibwa kwenye kamba.

Kumbe kazi ya Kampala hukuitafuta kwa sababu ya mshahara. Uliitafuta kwa sababu ya kalenda. Gitau angalau alisimama mbele ya watu akasema mimba ni yake. Wewe umemzidi, na ninakuandikia hili nikiwa sijalewa wala sina homa.

Kesho yake, baada ya kanisa, nilikwenda kumtafuta Njeri mliyemtaja. Nilimkuta kwa shangazi yake, amekaa kitandani na mtoto mapajani. Aliponiona alisimama nusu akakaa tena.

"Mama," akasema, "kama umekuja kunitukana, nitukane. Lakini polepole, mtoto amelala."

Nikamuuliza mtoto anaitwa nani.

"Wambui."

Unaelewa maana yake? Msichana akikataliwa, mtoto humpa jina la mama yake mwenyewe, kama mimi nilivyokupa wewe jina la baba yangu. Jina la mama wa mwanaume hutolewa na mke. Njeri hana ndoa, hana mbuzi, hana hata neno moja la heshima kutoka kwako, na bado amemwita mtoto jina langu. Shangazi yake alipiga kelele kutoka jikoni kwamba amemkataza, kwamba ni kujiletea aibu ya bure. Njeri akasema bila kuinua sauti, "Mtoto ana baba. Akijificha ni shauri yake, mtoto hajajificha."

Nililia, Karanja. Siku nilipokuzaa wewe sikulia, nililia pale. Halafu nikamwambia avae viatu kesho asubuhi.

Tulikwenda kwa hakimu Jumatatu. Safari hii nilijua dirisha. Karani alimwandika Njeri maneno yake yote, akamwapisha, halafu akaweka kalamu chini akamwambia kile kile alichosema Mugo.

"Neno lako peke yako halitoshi. Uko na nani mwingine?"

"Yuko na mimi," nikasema.

"Wewe ni nani wake? Mama yake?"

"Mimi ni mama ya mwanaume."

Akaniuliza kama nimeelewa ninachofanya, kwamba nitasimama kizimbani mbele ya mwanangu. Nikamwambia nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe akikubali kwamba mtoto ni wake, na nitayarudia maneno yake pamoja na kicheko. Akaandika. Nilipoambiwa niweke kidole gumba, nikaomba kalamu.

Basi kuhusu ile samansi, karatasi ya kukuita kortini, ambayo ukisoma hapa itakuwa mfukoni mwako, nitakuambia ninachokijua, maana najua utamwandikia Mugo na Mugo hujidai. Ukishapewa mkononi, huwezi kusema hukujua. Kesi itasikizwa siku iliyoandikwa, uwepo usiwepo. Ukikosa, hakimu atamsikiliza Njeri, atanisikiliza mimi, na atakata shauri bila wewe. Na mtu aliyeajiriwa na reli ana mshahara unaojulikana unakotoka. Ukitaka kusoma alichosema Njeri, usimsumbue yeye. Namba imeandikwa juu ya karatasi yako. Mwambie karani namba hiyo na mwaka, jina lake na jina lako, ulipe ada, udai risiti, uombe nakala yenye muhuri. Soma pole pole. Utaona kwamba mdai ni Njeri mwenyewe, kwa jina lake kamili, na kwamba mtoto hakuandikwa "mimba." Ameandikwa Wambui. Akikua, akitaka kujua ametoka wapi, hatasimama kwenye dirisha lile akitaja mvua ya mawe. Atataja jina la mama yake na ataonyeshwa lako.

Unaweza kusema nilikuwa na njia nyingine. Ningekuita nikakuketisha kitako, nikakubembeleza. Nilifikiria. Nikakumbuka kwamba tangu uzaliwe kila nilichokufanyia nilikifanya kwa kukuficha na kukubembeleza, na tazama nilichokuza. Sikukulea vibaya kwa kukupiga. Nilikulea vibaya kwa kukuambia wanakuonea wivu. Ungeniahidi, ungenibusu mkono, na kesho kutwa ungekuwa ng'ambo ya mpaka unahesabu miezi.

Sidai uache kazi. Nenda, ufanye, upandishwe cheo. Sidai hata umuoe Njeri, na nikikutazama sana naona afadhali usimuoe. Nadai mtoto ale. Nakupenda, na hilo halitakusaidia chochote kizimbani.

Limebaki jambo moja, na ni afadhali ulisikie kwangu kuliko ulibahatishe. Samansi ilikuwa lazima ufikishiwe mkononi kabla hujavuka mpaka, na askari wa korti hakujui. Kesho steshini patajaa vijana wenye masanduku ya kamba, wote wamenyoa upara mmoja. Askari aliniambia nikuonyeshe kwa kidole. Nilikataa. Siwezi kumnyooshea mwanangu kidole mbele ya watu.

Unajua kwetu mama hamkumbatii mwana aliyetahiriwa. Tangu ulipotoka kutahiriwa mikono yangu haijagusa mgongo wako, hata siku ulipofaulu mtihani, hata siku tulipokutana tena baada ya kambi za Hali ya Hatari kufungwa. Kesho nitakukumbatia. Utashtuka, utaona haya, utatazama huku na huku kama wenzako wanaona. Nitakushikilia muda mrefu, kwa sababu yule askari ni mzee na anachechemea, na itamchukua muda kufika kutoka langoni. Nimemwambia: kijana nitakayemkumbatia, ndiye huyo.

Mama yako,
Wambui